Usimsifu Makokha

Jumatatu, 5 Juni 2006

Magodoro tatu leo. La Kevin, la yule mdogo wa Turbo, na la Makokha. Nimeyatoa nje nikayaegemeza kwa ua wa kayaba. Jua likatoka kidogo. Mvua ikarudi. Nikayarudisha. Hiyo ndiyo kazi. Mtu akiniuliza mlezi wa makao ya watoto anafanyanga nini, nitamwambia anakimbizana na magodoro.

Sasa naongea na hiki kitu. Kidogo kama kipande ya sabuni. Ati rekoda. Madam wa semina ndiye amenipa. Wenzangu wote wamepewa daftari, ati kila jioni uandike kile roho yako imebeba, na usionyeshe mtu. Mimi shule nilionea kwa barabara tu. Nikamwambia, madam, roho yangu haijui kuandika. Akacheka. Akatoa hii kwa mkoba. Naye ananiita Kukhu, nyanya, kama watoto. Bonyeza hapa nyekundu, Kukhu, sema siku na tarehe, sema yako, zima. Hakuna mtu atasikiza. Sasa kama hakuna mtu atasikiza, si ni kuongea kama mwenda wazimu wa soko? Sikumuuliza. Tarehe nimeulizia Wekesa wa geti, yeye ako na redio.

Madam anaitwa Njoki. Mtoto wa Nairobi. Viatu vyeupe. Kitale, mwezi wa sita, viatu vyeupe. Kutoka geti mpaka mlango vilikuwa rangi ya chai.

Semina ni mpaka mwisho wa mwezi. Kutufunza kulea. Tumekaa viti vya mviringo kama watoto wa nasari, tukapiga makofi ya mvua. Kidole kimoja, vidole viwili, mkono mzima. Mimi nimezika bwana, nimezika watoto wawili, nimelea wa kwangu na wa watu. Leo nimekaa napiga makofi ya mvua, na mvua yenyewe iko nje inalowesha magodoro yangu.

Chai ya saa nne ilikuwa na maziwa. Hiyo siwezi kudanganya.


Jumanne, 6 Juni

Leo ni kusifu. Ati kila mtoto asifiwe mara kwa mara, mpaka akue kama mahindi ya mbolea. Madam ameleta mdoli wa kitambaa, kila mmoja amshike amwambie neno tamu. Rose, mwenzangu wa nyumba ya kwanza, amemwambia mdoli ni mrembo, ni mwerevu, atakuwa daktari. Rose huyo huyo jana alikuwa anafukuza watoto na mwiko. Ikafika kwangu. Nikamwambia mdoli, nyamaza. Watu wakacheka. Madam hakucheka.

Watu wa kusoma wanapenda wewe uongee na kitambaa. Mtoto ako hapo nje na kamasi, hakuna mtu anampangusa.


Jumatano, 7 Juni

Nimekasirika. Wacha niseme polepole.

Asubuhi nilikuwa naita watoto kuoga. Makokha anachelewanga, anaangalia siafu, anaangalia kuku, anaangalia nini. Nikaita, wewe Makokha, takataka hii, kuja uoge kabla nikutupe. Akakuja anakimbia anacheka. Hivyo ndivyo tunaitana, mimi na yeye, kila asubuhi.

Kumbe madam amesimama nyuma yangu na viatu vyake.

Kwa semina akauliza, Makokha ni jina gani? Rose kimbelembele akamwambia, madam, kwa Kibukusu ni jalala. Mahali pa kutupa majivu. Madam akashika kifua. Akasema kwa sauti ya chini, kama mtu wa matanga, ati mtoto yatima tunamwita jalala. Ati maneno ni kama fimbo. Manija akaitwa. Manija naye si mtu wa huku, na wageni wakimwangalia anakubalinga kila kitu. Ikapitishwa hapo hapo. Kutoka leo mtoto anaitwa Blessing.

Mimi nilikuwa nimekaa. Sikusema kitu. Yeye ndiye amekuja kufundisha, wacha ajifundishe.

Lakini hapa nitasema. Kwetu mwanamke akizaa, mtoto anakufa, akizaa, anakufa, ule anafuata anapelekwa jalalani. Anawekwa juu ya majivu na maganda ya ndizi. Halafu mwanamke mwingine anapita kama hajui, anashtuka, ati nani ametupa takataka hii? Anaokota. Anarudisha kwa mama, anasema nimeokota uchafu, ukitaka chukua. Kuanzia hapo ni Makokha. Kifo kikikuja kutafuta mtoto mzuri, kinaambiwa hapa hakuna mtoto, ni takataka tu, kinapita. Na huyo hasifiwi. Ukimsifu umekionyesha mlango.

Hii mtoto ililetwa hapa mwaka juzi. Mama yake alikuwa kibarua wa mahindi pande ya Kiminini, akagonjeka, akafia hospitali hapa mjini. Hakuna mtu alijua kwao. Mtoto alikuwa mdogo, hajui baba, hajui kijiji. Ukimuuliza chochote anajibu kitu moja. Makokha. Hiyo ndiyo nguo pekee alikuja nayo, na leo wamemvua.

Blessing. Watoto wa hapa wako Blessing watatu sasa. Ukiita mmoja wanakuja kundi kama kuku.


Ijumaa, 9 Juni

Wamepaka rangi kwa vitanda. Majina mapya. Kwa ubao wa geti pia. Kevin amebaki Kevin, hiyo haina maana yoyote kwa hivyo haina makosa.

Madam ananunuanga pipi. Makokha akiitwa Blessing akiitika, pipi. Akisema mwenyewe mimi ni Blessing, pipi mbili. Mbwa wa Wekesa alifundishwa kukaa hivyo hivyo, lakini na mfupa.


Jumatatu, 12 Juni

Manija ametuita. Wafadhili wamepunguza mkono. Ule mtoto ako na mtu wa ukoo atarudishwa kwa ukoo. Ule hana, mwisho wa mwezi anapelekwa kwa makao kubwa huko Nakuru. Akasoma majina. Kevin ako na babu, lakini babu ni mlevi, kwa hivyo atabaki kwanza. Blessing wa tatu, Nakuru.

Nikauliza Blessing wa tatu ni nani. Nilijua. Nilitaka aseme.

Akasema, yule wa zamani aliitwa lile jina.

Nakuru. Mtoto anakojoa kwa kitanda akiota mvua. Nakuru nani atajua hiyo? Mtu atamchapa. Mimi siwezi kumchukua. Nalala kwa chumba ya makao, watu wangu wa nyumbani wamebaki wake wa watoto wanaogombania shamba. Na nimezeeka. Sheria inataka mlezi mwenye magoti.

Madam amesema Nakuru wako na bembea. Bembea. Nimetoka kwa mkutano nikaenda kukosana na sufuria.


Alhamisi, 15 Juni

Leo tumefundishwa kusikiza. Ati inama mpaka macho yako na ya mtoto yalingane. Niliinama. Kuinuka ilikuwa kazi ya watu wawili.

Rose amepata alama ya nyota. Ameibandika kwa kifua. Mtu mzima na watoto wanne.


Jumamosi, 17 Juni

Wekesa hayuko. Ameomba ruhusa aende kwao, mtoto wa dada yake ataingia tohara mwezi wa nane. Huu ndio mwaka. Vijana wameshaanza kutembea na kengele wakialika watu. Juzi mmoja alipita hapa nje anaruka na shanga, mjomba wake kando anamtukana ati mwoga, watoto wakapanda ua kumwona. Madam akauliza kwa nini mjomba anamtukana kijana badala ya kumtia moyo. Nikamwambia anamtia moyo. Akaniangalia kama nimeongea Kichina.

Kwa geti kumekaa askari wa kubadilisha, kijana wa Kisii, hajui mtu hapa. Anasoma ubao.


Jumapili, 18 Juni

Sijui nianzie wapi. Wacha nianzie kwa beseni.

Nilikuwa naosha Makokha kichwa. Hao wengine wako kanisa ya chini. Akaniambia, Kukhu, jana nimejibu vizuri na sijapewa pipi. Nikamuuliza umejibu nani. Akasema askari mpya. Alikuja kwa watoto hapo kwa mchanga, akauliza ni nani hapa anaitwa Makokha, kuna mama nje anamtafuta. Nikamuuliza, halafu? Akasema, nikamwambia hakuna Makokha hapa. Mimi ni Blessing.

Alikuwa anafurahi. Povu kwa masikio.

Nikauliza, na hao wengine? Ati hao wengine pia walisema hakuna, sababu madam alisema ukisema hiyo jina ya zamani hupati pipi wiki mzima.

Nilimaliza kumwosha. Nikampangusa. Nikamwambia enda ukae kwa jua, takataka wewe. Halafu nikaenda nyuma ya jikoni nikakaa chini kwa kuni.

Mtu amemtafuta. Amefika mpaka geti. Na mtoto mwenyewe amemfukuza.


Jumatatu, 19 Juni

Wekesa amerudi asubuhi. Nimemtuma kwa yule Mkisii kabla hajaenda zake. Amerudi na haya, nayasema vile Wekesa ameyasema kwa ule mdomo wake: "Kukhu, arikuwa mama wa buibui. Arisema ametoka Bungoma mjini, karibu na msikiti. Arisema aitwe Mama Swarehe. Kijana aridhani amepotea njia, akamwonyesha ubao, jina hakuna. Mama akaketi hapo nje kwa jiwe mpaka mvua ikamtoa."

Nimeingia semina katikati ya somo. Sikupiga hodi. Nikamwambia madam mbele ya watu wote, pipi zako zimefukuza ukoo wa mtoto.

Nikamweleza yote. Jalala, majivu, mwanamke wa kuokota, kifo kinavyopita. Rose anaangalia kucha zake, na yeye ni Mbukusu kama mimi, alijua.

Madam akakaa kwa meza. Uso umebadilika. Nilingoja alie, nilikuwa nimejitayarisha kumdharau zaidi akilia. Hakulia. Akaniuliza, "Kukhu, siku ile tunabadilisha jina ulikuwa umekaa pale kwa kiti. Mbona hukuniambia?"

Nikamwambia hukuniuliza.

Akasema, "Na wewe ukanyamaza ili nini?"

Hiyo swali ilinikasirisha. Inanikasirisha mpaka saa hii. Nilinyamaza ili aonekane mjinga. Basi. Ameonekana. Na mtoto anaenda Nakuru.


Jumatano, 21 Juni

Tumeenda Bungoma. Madam, mimi, na dereva wa pikapu anayesikiza mpira wa dunia, hata mahali pa kona anapiga usukani ati goli. Manija alikataa, madam akamwambia basi andika wewe mwenyewe kwa wafadhili kwamba mtu wa ukoo alifika akafukuzwa. Manija akatoa ufunguo. Kichwa ngumu ya huyu msichana leo ilinifaa.

Tulipopita Kiminini nikamwonyesha mashamba. Nikamwambia, mama yake alikuwa analima hizi.

Halafu nikamuuliza, wewe Njoki, jina lako maana yake nini? Akasema ni jina la nyanya yake. Nikamwambia sikuuliza ni la nani. Akapangusa matope kwa viatu vyake mpaka tukakaribia Webuye. Halafu akasema, kwao Njoki ni yule aliyerudi. Alikuwa na dada aliyekufa mdogo kabla yeye kuzaliwa. Akazaliwa yeye, wakasema amerudi. Nikamwambia, sasa wewe ukiitwa Blessing, huyo dada yako atarudi aulize nani? Alicheka kidogo. Si kicheko ya furaha.

Lakini naye akanipiga. Ameangalia nje kwa dirisha, akasema, "Kukhu, sawa, Makokha nimeelewa. Na Kevin? Na yule mdogo wa Turbo? Hao hawakuokotwa jalalani. Mbona hao pia unawaita takataka?"

Nilijifanya nimesinzia. Ni mazoea, hiyo tu. Mdomo ukizoea barabara moja haitafuti nyingine. Lakini sikumwambia.

Bungoma karibu na msikiti, yeye ndiye aliuliza duka kwa duka. Tunatafuta Mama Swarehe. Watu wanatikisa kichwa. Mzee mmoja wa kuuza viatu akamwangalia, akaniangalia mimi, akauliza, "Huyo Swarehe ametafutwa na Mbukusu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema, "Basi ni Swaleh. Nyumba ya mlango ya kijani, ile inanuka sambusa." Wakacheka duka mzima. Nilicheka pia. Mdomo wetu umepinda lakini unafika.

Mama Swaleh mwenyewe. Nilijitayarisha kumchukia. Mbukusu wa Myanga ndani ya buibui, anatukaribisha asaramu areikum. Zamani Nafula, sasa Halima. Nikasema kwa moyo, huyu ni bure. Miaka hii yote alikuwa wapi, alikuwa anafunga kilemba?

Alikuwa Mombasa na bwana yake. Amerudi Bungoma baada ya mavuno, akaenda kwao Myanga, akakuta ndugu yake aliyekufa amesahaulika, bibi ya ndugu alitoroka na mtoto kutafuta kibarua, hakuna mtu alimfuata. Yeye ni senge wa mtoto, dada ya baba. Amezunguka Kiminini shamba kwa shamba. Mwisho akaambiwa mama alikufa, mtoto yuko makao ya Kitale. Akafika. Akaambiwa hakuna.

Alikuwa anaongea na mikono ina unga. Hakutupa chai. Mimi ningekuwa yeye nisingetupa hata kiti.

Nikamuuliza swali moja. Nani aliokota mtoto?

Akaacha kukanda. Akasema, "Ni mimi. Jalala ya mama yangu, nyuma ya ndizi. Asubuhi na mapema, umande mwingi. Nilimwinua akanikojolea mpaka kwa kiatu. Nikasema kwa nguvu watu wasikie, hii takataka inavuja."

Nilitaka awe mwongo. Hakuwa.


Alhamisi, 22 Juni

Ofisa wa watoto anataka barua ya chifu wa Myanga, anataka bwana yake, anataka siku. Madam amekaa na simu mpaka betri ikaisha, akaomba ya Wekesa. Kimombo chake leo kilikuwa kama fimbo. Nimemletea chai bila kuitishwa. Nimeweka sukari nyingi, nimemwambia imemwagika kwa bahati mbaya.


Jumamosi, 24 Juni

Amekuja.

Nilimwambia madam usimtayarishe mtoto, usimwambie yule ni shangazi wako anakupenda sana. Wacha tu. Akataka kubisha, akaacha. Tukakaa kwa baraza. Makokha alikuwa kwa mchanga anachimba.

Mama Swaleh akaingia kwa geti na bakuli ya sambusa. Akasimama mbali. Halafu akatema mate pembeni, akasema kwa Kibukusu, kwa sauti ya kugombana, nani ameacha hii takataka hapa, mbwa hawajaiona?

Mtoto akainua kichwa. Akawa kama mtu anasikia wimbo kwa nyumba ya mbali. Hajui, anajua. Huyo mwanamke akaendelea, akasema ona hii uchafu, imejaa mchanga, inavuja, nani atabeba. Mtoto akasimama polepole na kijiko mkononi. Akasema, kwa Kibukusu, na hapa hatumsemeshi Kibukusu, ati, beba wewe.

Madam Njoki aligeuka akaangalia ukuta.

Mimi niliangalia. Sikutoa jicho. Nilikuwa na wivu kama moto. Miaka miwili mimi ndiye nilimtukana kila asubuhi.


Jumapili, 25 Juni

Nimejaribu ile kitu. Kevin ameosha sahani. Nikamwambia Kevin, umeosha vizuri. Akaacha sahani. Akaniangalia. Akauliza, "Kukhu, nimekosea wapi?" Nikamwambia hujakosea. Akauliza kama naenda kufa.

Kusifu ni kazi. Nitajaribu kesho na yule wa Turbo, lakini kwanza aache kula chaki.


Jumatano, 28 Juni

Ofisa amefika Bungoma, ameona nyumba, ameona bwana. Mzee wa watu, anauza viungo, anakohoa. Amemwambia ofisa mtoto akitaka kanisa ataenda, akitaka chuo cha Kurani ataenda, ila shule ataenda kwa lazima. Ofisa ameweka sahihi. Nakuru imekufa.

Ubao wa geti umefutwa Blessing wa tatu. Madam mwenyewe ameandika Makokha na chaki. Mwandiko wa haraka. Ameniuliza iko sawa. Nikamwambia mimi sijui kusoma, uliza Rose, yeye ako na nyota.


Ijumaa, 30 Juni

Leo mambo mawili. Vyeti, na yeye ameenda.

Vyeti vilikuwa asubuhi. Picha, hotuba, soda. Manija amesema sasa sisi ni walezi. Kumbe jana tulikuwa nini. Nimepewa changu, madam amenisomea. Nimekiweka chini ya godoro, pale hakuna mtu anakojoa.

Mchana Mama Swaleh akakuja na bwana yake. Nilikuwa nimefunga nguo za mtoto kwa kitenge. Nguo tatu, sweta, na kijiko yake ya kuchimba. Watu wote kwa baraza. Rose analia kwa sauti. Desturi ya makao ni mlezi aseme neno la kuaga, neno la baraka. Madam alitufundisha lile neno, liko kwa karatasi.

Nilimshika Makokha mkono nikamleta mpaka kati. Akaniangalia. Nywele nilimsuka jana, laini mbili zimepinda, makosa ya macho yangu. Nilitaka kusema mambo mengi.

Nikamwambia Mama Swaleh, chukua takataka yako. Imenichosha. Inakojoa, inachelewa, haina kazi. Nilikuwa nataka kuitupa siku mingi.

Rose akaacha kulia akashangaa. Manija akakohoa. Ofisa akaangalia madam, akingoja aseme kitu, si yeye ndiye mwalimu wa maneno matamu.

Madam Njoki akasema, "Ni kweli. Mtoeni haraka, anatujazia uchafu."

Alisema vibaya, Kiswahili chake cha Nairobi, na sauti ilikatika akifika kwa neno uchafu. Lakini alisema.

Mama Swaleh akachukua. Wakatoka kwa geti. Wekesa naye akaongeza lake, ati usirete hiyo kitu tena hapa. Mtoto alikuwa anacheka mpaka anashika tumbo. Hakugeuka nyuma. Vizuri asigeuke. Takataka haigeukangi.

Nimechoka. Nazima.


Jumapili, 16 Julai

Magodoro mawili leo. Jua lilikuwa zuri, yamekauka kabla ya saa sita.

Madam alirudi Nairobi zamani. Sikumwambia kwaheri ya maana. Nilimpatia kiroba cha mahindi mabichi, nikamwambia ni ya kulisha ng'ombe. Akasema asante, ni mabaya sana. Amejifunza. Rekoda aliniachia. Alisema kanda bado iko na nafasi.

Rose bado ako na nyota.

Kevin ameacha kuniogopa nikimsifu. Sasa ananifuata, anasema Kukhu nimefagia, Kukhu nimefua, anangoja. Nimejiletea shida.

Leo baada ya kanisa Wekesa alikuja anakimbia na simu. Nikashika. Kukohoa kwa mzee, halafu kelele ya mafuta kwa karai, halafu pumzi. Pumzi ndogo, karibu sana. Nikangoja. Nikasema, nani? Pumzi. Nikasema, kama huongei nafunga, pesa ya watu inaisha.

Ikasema, "Kukhu. Wewe ni takataka."

Halafu ikakatika.

Wekesa aliuliza amesema nini. Nikamwambia mtandao ni mbaya.

Nilitaka kusema neno hapa juu yake. Moja tu. Liko hapa kwa mdomo tangu mchana, na hii kitu imewashwa, na madam alisema hakuna mtu atasikiza. Lakini madam hajui ni nani anasikizanga.

Ni takataka tu, hiyo mtoto. Ni uchafu. Hakuna kitu hapo.